SOMO: Kuondoa kodi (code) ya zamani ya kusafisha namba za simu na kuweka phonenumbers, maktaba ya Python (kodi iliyoandikwa tayari) ya kukagua namba

Wakuu, swali la jinsi ya kuhamia maktaba hii nimelijibu hadi nimechoka. Programu yetu huria ya vikoba ilikuwa na kodi yake ya kukagua namba, iliyokubali 06 na 07 tu. Kenya ilipoanza kugawa namba za 01 mwaka 2019, wenye laini hizo wakawa hawasajiliki.

1. pip install phonenumbers. Leseni ni Apache 2.0, na kama mradi wenu uko chini ya GPL (leseni nyingine huria) toleo la 2 pekee, haziendani.

2. Andika majaribio kwa kodi ya zamani kabla hujaigusa.

3. Iite maktaba sehemu moja tu, ndani ya fanksheni yako. Usiitawanye kwenye faili ishirini.

4. Nchi. Hapa ndipo nilipoharibu. Namba isiyo na alama ya + inahitaji uitaje nchi, nami nikaweka "TZ" kwa rekodi zote za zamani. 0712 ni halali Tanzania na Kenya pia, kwa hiyo hakuna kosa lililotokea: Wakenya wetu wakageuka +255 kimyakimya, na ujumbe wa kudai rejesho ukamfikia mtu baki asiyejua kikoba ni nini. Chukua nchi kwenye usajili wa kikundi. Usipoijua, weka None (yaani hakuna nchi): maktaba itagoma, na kugoma ni nafuu kuliko kubahatisha. USIFUTE safu ya namba za awali. Mimi niliifuta, nikaokolewa na nakala ya wiki iliyotangulia.

5. Hifadhi kwa E.164, yaani + na msimbo wa nchi mbele. Kisha futa kodi ya zamani.

Chapchap: Mkuu sijasoma yote, naweka TZ tu si ndiyo?
Mwandishi: Hatua ya 4.

Mzee wa Kodi: Maktaba nzima ya nini? Mistari mitano inatosha.
Mwandishi: Yetu ilianza na mitano. Tulipoifuta ilikuwa mia mbili na bado ilikataa 01.

Binti Tanga: Samahani kaka, fanksheni ya maktaba ya is_valid_number ikikubali, ina maana laini iko hewani?
Mwandishi: Swali zuri dada. Hapana. Inalinganisha na mpango wa namba wa nchi tu. Is_possible_number inaangalia urefu peke yake. Kujua kama laini inafanya kazi, tuma msimbo wa uthibitisho. Na usiache kusasisha maktaba, maana mipango hiyo hubadilika.

Binti Tanga: Na mtandao je, naweza kuujua kwa namba?
Mwandishi: Utapata mtandao uliopewa namba hiyo mwanzo. Kuhama na namba kunaruhusiwa Kenya tangu 2011 na Tanzania tangu 2017, kwa hiyo usipange gharama za SMS kwa kuutegemea.

Mhazini: Zangu zinatoka Excel, sifuri ya mbele imeliwa.
Mwandishi: Kama zote ni za Tanzania, tarakimu tisa na "TZ", inasoma vizuri. Zikionekana 2.55E+11, badili safu iwe namba isiyo na desimali kabla ya kuhifadhi CSV.