Jinsi ya kuomba kulea kifurushi yatima cha Debian

Wengi wanaotaka kuingia Debian, mradi wa watu wanaojitolea kutengeneza mfumo endeshi huria wa Linux, huanzia mlango mgumu. Wanaipenda programu fulani, wanaona haimo ghalani (hazina ambamo watumiaji wa Debian hupata programu), basi wanataka waiingize wao. Kifurushi kipya, yaani programu iliyopangwa tayari kusakinishwa, lazima kipite foleni iitwayo NEW, ambako wasimamizi wa ghala hukagua leseni za faili zilizomo, na foleni hiyo haina ratiba. Wakati huohuo viko vifurushi ambavyo tayari vimo ghalani, watu wanavitumia kila siku, ila mlezi wake, mtu anayevitunza, ameondoka. Debian yenyewe huviita yatima. Neno si langu. Anzia hapo.

Kwanza mtafute yatima anayekuhusu. Sakinisha kifurushi cha devscripts, kisha endesha amri ya `wnpp-alert`. Itakutolea orodha ya vifurushi vilivyomo kwenye kompyuta yako mwenyewe vinavyohitaji mtu. Herufi O ni yatima kamili. RFA (Request For Adoption) maana yake mlezi bado yupo ila anatafuta wa kumwachia. RFH (Request For Help) maana yake mlezi anaomba msaidizi tu. Chagua unachokitumia kweli, kwa sababu kikiharibika utakuwa wa kwanza kujua, na hamu ya kukitengeneza utakuwa nayo bila kusukumwa.

Usikimbilie kuomba. Soma ripoti zote za hitilafu zilizo wazi, hata kama ni arobaini. Angalia kama waandishi asilia wa programu bado wanajibu watu, maana wakiwa wamenyamaza miaka mitano, msimbo wote utakuangukia wewe. Endesha pia `apt-cache rdepends` uone nani anakitegemea. Maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) iliyobebeshwa vifurushi mia mbili si ya mtu anayejifunza. Kijiprogramu kidogo kisichotegemewa na mtu kinatosha sana.

Ukishaamua, tangaza. Kila yatima ana ripoti yake yenye namba chini ya jina WNPP (orodha ya Debian ya vifurushi vinavyohitaji kazi), na kuomba kumlea ni kubadilisha kichwa cha ripoti hiyo. Tuma barua pepe ya maandishi matupu kwenda control@bugs.debian.org, ndani yake mistari mitatu tu (namba hii ni ya mfano):

retitle 123456 ITA: jina-la-kifurushi -- maelezo mafupi
owner 123456 !
thanks

Alama ya mshangao humaanisha "mimi ninayetuma". ITA (Intent To Adopt) ni tangazo la nia ya kulea, ili wawili wasifanye kazi ileile bila kujuana. Kama ni RFA, mwandikie kwanza mlezi aliyepo. Kumchukulia mtu kifurushi bila kumpigia hodi ni ukosefu wa adabu. Na kama mlezi ametoweka bila kukitangaza yatima, njia ni nyingine, inaitwa ITS (Intent To Salvage, nia ya kuokoa): unafungua ripoti kwenye kifurushi chenyewe ukieleza kilivyotelekezwa, unangoja siku 21, na toleo lako linapita foleni ya kucheleweshwa kwa siku zisizopungua 7, ili mwenyewe akizinduka apate nafasi ya kukataa.

Sasa kazi yenyewe. Pakua chanzo, ingia folda ya `debian`. Kwenye faili ya `control`, sehemu ya Maintainer (mlezi) mara nyingi utakuta kundi la ubora la Debian ndilo lililoshikilia. Weka jina na barua pepe yako. Kwenye `changelog`, anza ingizo jipya kwa amri ya `dch`, na mstari wa kwanza uwe huu:

  * New maintainer. (Closes: #123456)

Mstari huo ndio utakaofunga ripoti ya WNPP wenyewe kifurushi kitakapopokelewa. Kisha tazama `watch`, faili inayoiwezesha amri ya `uscan` kugundua toleo jipya la waandishi. Kwa yatima wengi imekufa siku nyingi. Pitia `copyright` pia, kwa sababu msimbo huongezeka na leseni hubadilika, na faili hiyo hubaki ilivyokuwa.

Jenga kifurushi kwa `sbuild`, yaani ndani ya mazingira safi. Kwenye kompyuta yako kitajengeka hata kama umesahau kutaja kitegemezi, kwa kuwa kitegemezi hicho ulikisakinisha zamani. Halafu endesha `lintian`, kikaguzi cha makosa ya kifurushi, na usome kila onyo. Na hakikisha `changelog` inasema unstable, tawi la Debian linalopokea matoleo mapya. Mimi mara ya kwanza niliacha neno UNRELEASED (bado haijatolewa), nikarudishiwa kazi ya wiki nzima kwa jibu la sentensi moja.

Mpaka hapa huna ruhusa ya kupakia kitu ghalani, kwa hiyo unahitaji mdhamini: msanidi wa Debian atakayekagua kazi yako na kuipakia kwa saini yake. Fungua akaunti mentors.debian.net, weka ufunguo wako wa umma wa GPG (programu ya kutia saini za kidijitali), tia saini chanzo kwa `debsign`, kipakie kwa `dput mentors`. Kisha fungua ripoti ya RFS, yaani ombi la kudhaminiwa, chini ya sponsorship-requests. Tovuti hiyo itakupa maandishi ya kuanzia, wewe ongeza umebadilisha nini na kwa nini.

Hapa ndipo wengi huchoka. Mdhamini hujitolea, na anaweza kuchukua siku mbili au miezi miwili. Akija, atauliza maswali mengi. Usinune. Mwaka 2024 mtu aliyejiita Jia Tan, baada ya kujijengea imani kwa zaidi ya miaka miwili kwenye mradi wa xz, programu ya kubana faili, alifungua mlango wa uani (njia ya siri ya kuingilia kompyuta) ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Yalifika Debian unstable na testing (tawi linalofuata, la kuandaa toleo rasmi) kabla mhandisi Andres Freund hajashangaa kwa nini kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Mdhamini anayekuchimba maswali anajua kwamba saini itakayowekwa ni yake.

Kikipakiwa, kinaingia unstable. Kwa uharaka wa medium, ambao amri ya `dch` huuweka yenyewe, hukaa siku 5 kabla ya kuhamia testing, mradi hakuna hitilafu kubwa mpya. Siku hizo soma barua pepe zako.

Baada ya matoleo kadhaa, unaweza kuomba kuwa Debian Maintainer kupitia nm.debian.org. Utahitaji ufunguo uliosainiwa na wasanidi wa Debian, tamko lako la kukubali Mkataba wa Kijamii na kanuni za mradi, na msanidi wa kukusemea. Ruhusa hiyo haikufungulii ghala zima: utapakia kile tu ambacho msanidi amekuidhinishia.

Na maisha yakibana ukashindwa kuendelea, kirudishe. Kama hukuwahi kupakia toleo lolote, tuma `retitle` kurudisha O na `noowner` kuondoa jina lako kwenye ripoti. Kama tayari wewe ndiye mlezi, fungua ripoti mpya ya WNPP yenye herufi O, ueleze kifurushi kiko katika hali gani na umeishia wapi.