Kumtibu meno punda mwoga

Punda mwenye maumivu ya meno hapigi kelele. Utamwona anadondosha vitonge vya nyasi iliyotafunwa nusu, kinywa kinanuka, anakonda na chakula kipo. Mara nyingi chanzo ni ncha kali: magego ya juu huchongoka upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi, yakakata nyama.

Anza kumzoesha kuguswa wiki mbili kabla ya siku ya daktari wa mifugo. Dakika tano kila siku, gusa shingo, shavu, kisha mdomo. Ingiza kidole pembeni, kwenye pengo lisilo na meno. Mwachie anapotulia tu. Ukimwachia akiruka, umemfundisha kuruka.

Siku ya daktari, mlete pamoja na mwenzake aliyemzoea. Kwenye vichochoro vyembamba kama vya Lamu, tafuteni uwanja wenye kivuli, ardhi isiyoteleza. Msimsokote sikio kabisa! Atakumbuka, na mwaka ujao hamtamshika. Na akiganda kimya, msidhani ametulia. Punda huganda kwa hofu.

Sindano ya kutuliza ipigwe kabla hajashtuka, kisha mwacheni dakika kumi na tano bila kelele. Akiwa na hofu tayari, dawa haishiki vizuri. Ndipo daktari apanue kinywa na kusugua ncha kwa tupa. Kung'oa kwa koleo la fundi huvunja jino, mzizi ukabaki na usaha.

Asile mpaka azinduke kabisa, asije akakabwa. Ila asishinde njaa: mafuta hufurika kwenye damu, na hilo huua punda. Ulizia pia chanjo ya pepopunda.