Simu mbili zikiongea bila kupitia mnara: namna ya kuzuia zisiharibie wengine rezo, na hesabu ya milima ya Bukavu

Jambo wandugu, hasa nyinyi mlio mu TFC (ile kazi ya mwisho wa masomo) ya telekom mwaka huu. Nimesoma kazi kadhaa za simu kwa simu, yaani simu mbili zinatumiana data moja kwa moja bila kupita ku mnara huku zinatumia masafa yaleyale ya rezo, na karibu zote zinaanza na kuuliza kama hizo simu mbili zitasikilizana. Zikiwa mita 20 zitasikilizana tu. Anza kwa kuuliza nani ataumia.

Tusichanganye pia, kutumiana picha kwa Bluetooth ama Wi-Fi Direct si hii, zile ziko ku masafa ya bure na mnara hazimgusi. Mimi naongelea ile iliyoingia mu toleo la 12 la 3GPP (wale wanaoandika kanuni za rezo za simu), yenye kutumia masafa ya rezo yenyewe. Mule simu zinaazima njia ya kupanda, ile simu zote zinatumia kwenda ku mnara, kwa hiyo mwenye kuumia ni mnara, na hiyo ni afadhali juu mnara uko pahali pamoja na unapima yenyewe kile inasikia. Ungeazima njia ya kushuka wangeumia watu wa karibu wenye simu zao, leo wako hapa kesho wako Kadutu, utawalinda namna gani?

Sasa shika kalamu. dBm ni nguvu ukiilinganisha na miliwati 1, dB ni tofauti kati ya nguvu mbili, kila dB 10 ni mara 10. Tuko ku 2 GHz, bloki moja (kipande cha masafa) ya kHz 180. Kelele ya asili ya hiyo bloki pale mnarani, ukiongeza dB 5 za mashine yenyewe, ni kama -116 dBm. Iandike kubwa hiyo namba, njo mpaka wako. Simu zetu ziko mita 20 kati yao, mnara uko mita 400. Kwa zile fomula tumezoea za mjini (128.1 + 37.6 log d kwenda ku mnara, 148 + 40 log d kati ya simu na simu, d kwa kilomita) njia ya mnara inakula dB 113, ya kati yao inakula dB 80. Simu ikipiga na nguvu yake yote, 23 dBm, ni miliwati 200, mnarani itafika -90, yaani dB 26 juu ya kelele, na yule mtu wa mbali mwenye kufika kwa shida ku bloki hiyohiyo hasikiki tena. Sasa ishushe mpaka -10 dBm. Mnarani inafika -123, imezama chini ya kelele, na mwenzake bado anaipata -90 wakati kelele yake ni -112 (kwa simu nimeweka dB 9), anabaki na dB 22 mkononi. Umetoka miliwati 200 umefika 0.1 na wanaongea vizuri kabisa! Siku nilipata hii namba kwa mkono wangu nilirudia hesabu mara tatu.

Lakini hujamaliza, juu na wao wanaweza kuumizwa. Mtu mwenye kupigia mnara na 23 dBm ku bloki hiyohiyo, akiwa mita 50 tu na mpokeaji wetu, atamfikia -73, wale wawili wamekwisha. Akiwa mita 300 anafika -104, wanabaki na kama dB 13, inatosha. Kwa hiyo bloki ya kuazima chagua ya mtu aliye mbali na wao, na bora zaidi awe karibu ya mnara, juu huyo mnara unamwambia apunguze nguvu.

Hapa njo Bukavu inaingia, na hapa njo kazi nyingi zinaanguka. Zile fomula zinajua mita, hazijui mlima. Simama ku mteremko wa Muhungu, uone mnara uso kwa uso bila ukuta wala mti: mita 400 zilezile zinakula kama dB 90 tu badala ya 113. Ile -10 dBm yako sasa inafika mnarani -100, umeharibu. Kinyume chake, simu iliyo nyuma ya kilima inaweza kuongeza nguvu na mnara usisikie kitu. Kwa hiyo usishushe nguvu kwa kuangalia ramani, acha simu ipime yenyewe ishara ya mnara inafika na nguvu gani, itoe jibu la njia imekula dB ngapi, halafu iweke nguvu kufuatana na hapo. Na walio karibu ya Ruzizi, mto wa mpaka na Rwanda, mnara wa ng'ambo nao uhesabiwe, mawimbi hayaonyeshi jeton ku mupaka.

Ukiona kule Muhungu hesabu inadai ushuke mpaka -26 dBm, mwenzako anabaki na dB 6, usilazimishe. Wapee bloki zao peke yao, ama kama wako mbali kati yao kuliko na mnara, wapite ku mnara kama kawaida.

Jozi zikiwa nyingi, zinajumlishana: 10 ku bloki moja zikifika sawa mnarani ni dB 10 zaidi, kwa hiyo kila moja ishuke dB 10 ama uzigawe, zile zenye kusikiana zisikae bloki moja. Mnara ukizimika, toleo la 12 linaacha simu zichague bloki zenyewe kwa kubahatisha ndani ya fungu lililotengwa, kule kusikiliza kwanza kabla ya kuchagua kulikuja na toleo la 14 kwa magari, basi fungu lifanye kubwa.

Ukichora matokeo usilete wastani wa mwendo wa data tu. Wastani utapanda vizuri hata kama umeua mtu wa Panzi aliye mwisho wa rezo. Chora wale 5 kwa 100 wa chini, kabla na baada ya kuweka simu kwa simu, halafu linganisha hizo curve mbili.