Somo: Kuendesha jaribio la chanjo wakati wa mlipuko, kwa mfano wa vijiji vya Ziwa Tanganyika

Somo hili nawaandikia wenzangu wa Kigoma mnaofanya kazi kwenye zahanati za pembezoni, ambako mlipuko ukitokea, timu ya utafiti huwakuta ninyi mmekwisha kuanza kuuhangaikia.

Hatua ya kwanza ni vibali, na hivi hutafutwa wakati wa shwari. Itifaki, yaani mpango ulioandikwa wa jaribio zima, huandikwa mapema ikaachiwa nafasi ya kujazwa jina la kijiji, kisha hupelekwa kwenye kamati ya kitaifa ya maadili iliyo chini ya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na kwa TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba), ambayo ndiyo huidhinisha majaribio ya dawa na chanjo.

Hatua ya pili ni kuamua nani atalinganishwa na nani. Ugonjwa unapoua, kumdunga mtu maji ya chumvi ukimlinganisha na aliyepata chanjo ni jambo gumu kulitetea mbele ya wazee wa kijiji. Guinea mwaka 2015, katika jaribio la chanjo ya Ebola, kila mgonjwa mpya alipothibitishwa, waliotangamana naye na waliotangamana na hao waliorodheshwa kuwa kundi moja, kisha kura ikaamua kundi lichanjwe mara moja au baada ya siku 21. Jaribio liliufuata ugonjwa ulikokwenda, na hilo ndilo linalotufaa sisi tusio na uwezo wa kuchanja mkoa mzima.

Hatua ya tatu ni ridhaa. Isomwe kwa Kiha, au Kirundi kwa wanaokielewa zaidi, na asiyejua kusoma awe na shahidi asiye mtumishi wa jaribio. Dole gumba lenye wino halithibitishi kwamba mtu ameelewa. Mwambie akueleze kwa maneno yake atachomwa nini na kwamba anaweza kujitoa siku yoyote.

Hatua ya nne ni ubaridi. Chanjo ile ya Guinea ilihitaji nyuzi 60 hadi 80 chini ya sifuri, ilhali chanjo ya kipindupindu ya kunywa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Kasha likipakiwa kwenye boti pale Kibirizi kwenda Kagunga, mtu mmoja alikalie jirani, asome kipimajoto na kuandika saa kwa saa, hata injini ikizimika katikati ya maji.

Hatua ya tano ni ufuatiliaji. Mvuvi wa dagaa usimtafute kwake usiku wa giza. Mpangie wakati wa mbalamwezi, taa zinapokosa kazi ziwani.

Maswali ya wanachama

Swali (Uvinza): Daktari, shikamoo. Aliyechanjwa akiugua siku ya nne, si ushahidi kwamba chanjo haifai?

Jibu: Marahaba. Huenda aliambukizwa kabla ya kuchomwa sindano, kwa maana Ebola hukaa mwilini siku 2 hadi 21 kabla ya dalili, na mwili nao huhitaji muda kujenga kinga. Ndiyo maana Guinea walilinganisha wagonjwa waliojitokeza kuanzia siku ya 10. Sharti ni kwamba siku hizo za mwanzo, kabla ya ya 10, ziondolewe kwa makundi yote mawili. Ukiziondoa kwa waliochanjwa pekee, umejidanganya. Katika ripoti ya mwisho, miongoni mwa watu 5,837 waliochanjwa hakuna aliyeugua tangu siku hiyo, ilhali upande wa wasiochanjwa waliugua 23.

Swali (Kasulu): Walioambiwa wasubiri siku 21 wakifariki, tutawatazamaje ndugu zao?

Jibu: Swali hili huwa linanikosesha usingizi, ndugu yangu. Ninachoweza kukitetea ni kwamba wakati kura inapigwa hatukujua kama chanjo inakinga, na kwamba kamati huru hukagua takwimu kabla jaribio halijaisha. Guinea kura ilisimamishwa mwishoni mwa Julai 2015, baada ya matokeo ya awali, na makundi yaliyofuata yakachanjwa papo hapo. Kama itifaki yako haisemi nani ana mamlaka ya kusimamisha kura, usianze.