Changanyeni vikundi vya uanafunzi
Kanisa linapounda vikundi vya uanafunzi, yaani vya waumini kujifunza pamoja kumfuata Kristo, ni vyema lisiwagawe waumini kwa kabila wala kwa mtaa, bali mama Mgiriama wa Kisauni aketi na kijana Mluo wa Changamwe, wasome pamoja Warumi 14, ambapo Paulo anawasihi wanaokula kila kitu na wanaokula mboga tu wasihukumiane. Hapa Mombasa jambo hili si geni, kwani Frere Town, iliyoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachwa huru, ilikusanya watu wa makabila mengi katika ibada moja. Kiongozi ampe nafasi kwanza asiyezoea kusema. Zamu ya chai na mahamri izunguke nyumba zote, na anayeishi chumba kimoja cha kupanga asirukwe kwa kisingizio cha kuhurumiwa.