Wageni Wakikatika: Kuendesha Gesti, Mashua na Ziara Mtwara na Lindi Wakati wa Janga

Mgonjwa wa kwanza wa Uviko-19 nchini Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Aprili ndege za abiria za kimataifa zikasimamishwa, na zikaruhusiwa tena tarehe 18 Mei. Zaidi kidogo ya mwezi tu, lakini ndege kuruhusiwa kutua ni jambo moja na mgeni kupanda ndege ni jambo lingine. Ukingoja tangazo la serikali ndipo uanze kupiga hesabu, utakuwa umeshachelewa. Hesabu ipigwe siku ile ile ugonjwa unapoanza kutajwa kwenye redio.

Zijue siku zako

Chukua daftari uandike kila senti inayotoka kwa mwezi hata kama hakuna mgeni aliyelala. Tuseme una gesti ya vyumba 10. Wafanyakazi 5 kwa shilingi 200,000 kila mmoja ni 1,000,000. NSSF upande wa mwajiri, asilimia 10, ni 100,000. Umeme na maji 150,000. Marejesho ya mkopo 450,000. Leseni na kodi ukizigawa kwa mwezi, 100,000. Jumla 1,800,000. Kama benki na kwenye simu una 3,600,000, una siku 60 kabla pesa haijaisha.

Sasa punguza, lakini punguza kwa mpangilio. Anza na mkopo: nenda benki kabla hujaruka rejesho hata moja, uombe kulipa riba tu kwa miezi mitatu hadi sita. Mteja asiye na deni lililochelewa husikilizwa, lakini ukienda baada ya kuruka mara mbili unakuwa mdaiwa sugu. Tuseme riba peke yake ni 150,000, umeokoa 300,000. Funga vyumba sita, zima majokofu yasiyo na kitu, umeme na maji vishuke hadi 80,000. Wafanyakazi wakikubali kufanya kazi kwa zamu, siku tatu kwa wiki badala ya tano, mishahara inakuwa 600,000 na NSSF 60,000. Jumla mpya ni 990,000. Pesa ile ile sasa inakufikisha siku 109.

Makubaliano ya zamu yaandikwe na yasainiwe na kila mmoja. Ukifika hatua ya kupunguza watu kabisa, sheria ya ajira ya 2004 inataka utoe taarifa na ukae nao kwanza mshauriane. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya notisi ya siku 28. Aliyetimiza mwaka kazini ana kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, kisichozidi miaka 10. Wengi huiona zamu ni mzigo wakakimbilia kufukuza, halafu hesabu ya notisi na kiinua mgongo inakula pesa za miezi miwili kwa siku moja. Isitoshe, mpishi anayejua kupika pweza wa nazi bila kumfanya mpira hapatikani upya kwa wiki moja.

Upande wa TRA, kama ulikadiria mapato ya mwaka na unalipa kwa awamu nne, wasilisha makadirio mapya mapato yanaposhuka. Usikae kimya ukangoja barua. Mikopo ya papo kwa papo ya kwenye simu usiiguse kwa ajili ya mishahara. Mshahara hauzalishi mauzo wakati huo, na mkopo ule unadai ndani ya siku 30.

Bei: hapa ndipo wengi huumia

Mgeni akipungua, mkono wa kwanza huenda kwenye bei. Tazama hesabu kabla hujaugusa ubao wa mapokezi.

Chumba ni 30,000. Mgeni mmoja kwa usiku anakula 9,000 kwenye chai, sabuni, kufua mashuka, umeme na tozo. Zinabaki 21,000. Ili ulipe ile 990,000 unahitaji kuuza vyumba 48 kwa mwezi, yaani chini kidogo ya viwili kwa usiku. Shusha bei hadi 20,000: zinabaki 11,000, na sasa unahitaji vyumba 90. Umepunguza bei kwa theluthi moja, kazi ya kutafuta wageni imekaribia kuwa mara mbili, tena katika kipindi ambacho wageni hawapo. Na janga likiisha, mteja aliyezoea 20,000 atakuuliza kwa nini umepandisha.

Kilicho salama zaidi ni kuacha bei ya ukutani ilivyo na kuongeza kitu kinachokugharimu kidogo: chakula cha jioni, kufuliwa nguo, usiku wa nne bure kwa aliyelipa mitatu. Bei ya mwezi mpe mtu anayelipa mwezi mzima mkononi, wala si anayesema “nitakaa sana tu.”

Kwa waliokwisha kulipa kishika nafasi, lengo ni kuhamisha tarehe, pesa ibaki. Ujumbe uende mapema, kabla hawajakuomba warudishiwe:

“Shikamoo mama. Tunatumaini familia ni wazima. Kwa hali ilivyo tunaelewa safari ya Juni haitawezekana. Malipo yako ya 120,000 tumeyatunza kwa jina lako na yatatumika tarehe yoyote utakayochagua ndani ya miezi 18, kwa bei ile ile. Ukihitaji kurudishiwa tutakurejeshea nusu sasa na nusu baada ya siku 60. Tafadhali tujulishe lipi linakufaa.”

Wengi hukubali kuhamisha tarehe wakiona njia ya kurudishiwa ipo wazi. Wakifichwa ndipo huanza kuzungumza vibaya, na Mtwara mjini maneno hayakai siku mbili bila kufika sokoni.

Mgeni wa karibu ni nani

Kusini tuna bahati ambayo hatuitumii ipasavyo. Mzungu wa Mikindani na wa Kilwa akikatika, bado kuna watu wanaotembea. Kuanzia Oktoba minada ya korosho inaleta wanunuzi, makarani na madereva wa malori. Madimba kuna mtambo wa gesi, na watu wa matengenezo wanaokuja kwa wiki mbilimbili. Nane Nane viwanja vya Ngongo huijaza Lindi. Idi, harusi, jando na unyago huleta ndugu kutoka Dar es Salaam ambao nyumba ya shangazi haiwatoshi. Bandika kalenda hiyo ukutani, uweke alama wiki sita kabla ya kila tukio. Siku hiyo ndiyo ya kupiga simu. Tukio likifutwa na mamlaka, futa mapema na wewe, usinunue mchele wa magunia kwa matumaini.

Msafiri wa korosho haulizi machweo ya jua. Anataka maegesho yenye mlinzi, maji ya moto saa kumi na moja alfajiri, risiti ya EFD (mashine ya kodi) na chakula hata akirudi saa tano usiku. Ukimuuzia kifurushi cha fungate atakupita. Familia ya Mtwara mjini nayo inataka siku moja: itoke asubuhi, watoto waogelee, samaki aliwe, irudi kabla ya giza.

Ziara ya mashua ya siku moja ipangiwe bei hivi. Mafuta lita 15 kwa 3,000 ni 45,000. Nahodha na msaidizi 40,000. Kiongozi 30,000. Akiba ya matengenezo 15,000. Hizo 130,000 zinatoka hata akija mtu mmoja. Kisha kila mtu chakula 10,000 na maji 1,000. Ukitoza 30,000 kwa kichwa, watu 6 wanakuingiza hasara ya 16,000. Watu 7 ndio wanakutoa. Kwa hiyo tangazo liandikwe wazi: safari itafanyika wakitimia 7. Kama tahadhari ya ugonjwa inataka upakie nusu, mashua ya watu 12 ikachukua 6, bei ya 30,000 imekufa. Toza 40,000 na uiuze kama mashua ya familia moja, isiyochanganya watu. Familia zilizo na hofu hulipia hilo bila kunung'unika. Viingilio havimo kwenye hesabu hii. Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na magofu ya Kilwa Kisiwani yana kibali kinachochukuliwa Kilwa Masoko kabla ya kupanda chombo. Mweleze mteja kiasi hicho siku anapolipa. Akikutana nacho getini ataona umemgeuka.

Shule ni soko zuri kwa Kilwa, maana kila mtoto wa sekondari anasoma habari za Kilwa na wengi hawajauona Msikiti Mkuu wala jumba la Husuni Kubwa. Ila ni soko linalokufa la kwanza: mwaka 2020 shule nyingi hazikufunguliwa hadi 29 Juni. Liweke kwenye mpango wa kurejea, lisiwe kwenye mpango wa kuponea.

Chakula cha kupeleka

Jiko la hoteli likianza kuuza wali maharage maofisini linashindana na mama lishe, na litashindwa. Yeye halipi jenereta. Uza asichokuwa nacho: biriani ya Ijumaa, kamba, pweza wa nazi, keki ya shughuli. Pokea oda hadi saa nne asubuhi, pika kwa idadi, ongeza sahani mbili tu. Chakula kiondoke jikoni kikiwa moto wa kufukiza na kiliwe ndani ya saa mbili. Bodaboda mmoja abebe boksi lenye mfuniko, na alipwe kwa safari, si kwa siku.

Usafi unaoonekana na unaofanya kazi

Kwanza uliza ugonjwa unaenezwaje. Kipindupindu kinataka maji na chakula salama. Ugonjwa wa njia ya hewa unataka hewa ipite. Kwa huo wa hewa, meza za barazani zina thamani kuliko ukumbi wenye kiyoyozi, kwa sababu kiyoyozi cha ukutani kinazungusha hewa ile ile. Fungua madirisha, washa feni, mgeni mpya aingie chumba kilichopigwa upepo.

Dawa ya klorini ya dukani yenye asilimia 3.5 ichanganywe sehemu 1 kwa sehemu 34 za maji kwa ajili ya vitasa, meza na swichi. Kwa ndoo ya lita 20 ni mililita 570 hivi. Futa uchafu kwanza kwa sabuni, maana klorini juu ya uchafu inapotea nguvu, kisha paka na uache uso ukae majimaji kwa dakika moja. Changanya ya siku hiyo tu na iwekwe kivulini. Ya jana ni maji yenye harufu. Kamwe usiichanganye na siki wala dawa nyingine ya choo, hutoa hewa ya sumu.

Kwenye gati na ufukweni, kibuyu chirizi kinatosha: dumu la lita 5, tundu moja dogo upande wa juu, kamba na kijiti cha kukanyaga. Kosa la kawaida ni tundu kubwa. Dumu linaisha baada ya watu kumi na hakuna anayekumbuka kujaza.

Usiache vitu vife

Pwani yetu ina chumvi na unyevu, na chumba kilichofungwa kuanzia Desemba hadi mvua za Aprili hutoka na ukungu kwenye godoro. Vyumba sita ulivyofunga vifunguliwe kila asubuhi, magodoro yasimamishwe yaachane na ukuta. Kila wiki fungua bomba zote dakika tano na mwaga maji chooni na kwenye mitaro ya bafu, la sivyo mtego wa maji unakauka, harufu na mende vinapanda. Jokofu lililozimwa lioshwe, likaushwe, mlango uachwe wazi kwa kipande cha mti.

Mashua ya mbao ikipandishwa pwani ikaachwa juani, mbao zinakauka, zinaachana, na kalafati, yaani pamba inayoziba maungio, inadondoka. Siku ya kuishusha inakunywa maji kama kikapu. Ijengee kivuli cha makuti, imwagie maji ya bahari asubuhi na jioni, ndani na nje. Ukiona pamba imetoka kwenye maungio, irudishie sasa na upake sifa (mafuta ya papa), usingoje wiki ya wageni.

Injini ya boti isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi dakika 10 hadi 15 ikiwa inaunguruma, kisha chomoa mpira wa mafuta uiache izime yenyewe, kabureta ibaki kavu. Petroli ikilala ndani ya kabureta kwa miezi inageuka gundi, na matundu yale madogo yanaziba. Fungua skrubu ya chini ya gia: oili ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia na sili imekufa. Badilisha kabla hujaiweka stoo. Mafuta yaliyobaki kwenye dumu yatumie kwenye bodaboda au jenereta mapema, kama hayajachanganywa na oili.

Wachongaji wa Kimakonde nao wasiache mpingo juani. Paka nta kwenye ncha za gogo ili lisipasuke, na wakati huu chongeni vitu vya nyumbani vinavyonunuliwa na watu wa hapa: vijiko, mikamshi, vishikio vya milango. Kinyago cha ujamaa cha futi nne kinamngoja mgeni wa mbali.

Nyangumi hupita pwani yetu kati ya Julai na Novemba, na huo ndio msimu wa kuwalenga wageni warudi. Orodha ya wote waliohamisha tarehe iwe na simu, kiasi walicholipa na idadi yao, na anzeni kuwapigia miezi mitatu kabla ya Julai. Mashua nayo iwe imeshashushwa majini angalau wiki mbili kabla ya safari ya kwanza, mbao zimevimba na kuziba.