Waranti ya kukamata nchini Kenya: yanayohitajika kabla hakimu hajatia sahihi

Waranti ni amri ya korti. OCS (mkuu wa kituo cha polisi) haiandiki, mwendesha mashtaka haiandiki, wao huiomba. Utaratibu uko kwenye Sura ya 75 ya Sheria za Kenya, yaani sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, vifungu vya 100 hadi 110.

Kwanza ni kiapo. Kifungu cha 100 kinakataza waranti kutolewa bila malalamiko yaliyoapiwa. Mpelelezi aeleze kosa na kifungu chake, ni nini kinachomhusisha mtu huyu, na kwa nini samansi (hati ya kumwita mtu kortini) haitoshi. Kuandika “tunamshuku” tu ni kumwachia hakimu karatasi tupu. Kama mtu alipuuza samansi, onyesha kwanza kwamba ilimfikia.

Kisha hati yenyewe, kifungu cha 102: sahihi ya jaji au hakimu, muhuri wa korti, kosa kwa ufupi, jina au maelezo ya kumtambulisha mtu, na amri kwamba akamatwe na kuletwa kortini. Jina pekee ni hatari, maana watu wengi hushiriki majina, na asiye na hatia hulala seli. Ongeza namba ya kitambulisho, jina la baba na mahali anapoishi.

Korti pia inaweza kuandika juu ya waranti kwamba mtu aachiliwe akitoa dhamana: wadhamini wangapi, kiasi gani, afike lini. Wakili aombe hili mapema.

Anayekamata lazima aeleze kiini cha waranti, na aionyeshe akiombwa. Kwa Kifungu cha 49 cha Katiba, mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24. Zikiishia nje ya saa za korti, basi kabla siku ya korti inayofuata haijaisha.

MASWALI

Waranti ya 2019 bado ina nguvu?
Ndiyo, hadi itekelezwe au korti iliyoitoa iifute. Inatekelezeka popote Kenya.

Askari hana karatasi mkononi. Nikatae?
Usikatae. Kifungu cha 29 cha Sura ya 75 kinamruhusu kukukamata akiwa na sababu ya kuamini kwamba waranti ipo. Uliza namba ya kesi na korti, kisha mpigie wakili.

Nilikuwa nimelazwa siku ya kutajwa kwa kesi, nikatolewa waranti.
Nenda mwenyewe kwenye korti ileile na barua ya hospitali, uombe iondolewe. Fanya haraka, kwa sababu mdhamini wako anaweza kuitwa alipe.